Mwau Akifunga, Imefungwa

"Anko, wewe huwa unaomba mvua inyeshe ama isinyeshe?"

Nilimuuliza Mwau hivyo nikiwa darasa la nne. Alikuwa ameketi kwenye benchi la kibanda cha Mum, gambuti zake zimepakwa udongo mwekundu hadi magotini, na ndio alikuwa amemaliza kuongea na mkewe kwa simu. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba kwao Mwingi bado ni kukavu. Huku kwetu Mwau alikuwa anayatazama mawingu ya Kitisuru vile mama mboga hutazama askari wa kanjo wakikaribia. Mimi nilitaka tu kujua. Alinitazama, akatazama kikombe changu.

"Kunywa chai, Shiko. Inapoa."

Mwau si anko wangu wa damu. Yeye ni Mkamba, sisi ni Wakikuyu, na Mum humwambia kila siku kwamba Wakamba wangepewa majembe badala ya vinyago wangekuwa matajiri. Yeye humjibu kwamba Wakikuyu wangepewa vinyago wangeviuza kabla ya jioni. Wamekuwa wakirushiana maneno hayo tangu nikiwa mgongoni.

Nyuma ya kibanda chetu kuna mteremko uliokuwa shamba la kahawa, unaoshuka mpaka kijito. Siku hizi ni uwanja wa baiskeli za milimani. Watu wanakuja na baiskeli zimefungwa juu ya magari, wanalipa getini, wanavaa kofia ngumu kama za bodaboda, kisha wanajiachilia kati ya mikaratusi wakipiga kelele. Kuna njia tatu. Ndefu zaidi inaitwa Nyoka. Kila tuta la kurukia na kila kona iliyoinuliwa ukingo kama sufuria, ni Mwau alizichimba kwa jembe na sepetu, miaka kumi na nne sasa. Hajawahi kuishuka kwa baiskeli hata mara moja. "Mimi nishuke hapo?" husema. "Mimi ni mzazi."

Udongo wetu ukilowa hauna urafiki. Gurudumu moja likipita linaacha mfereji, maji yanafuata mfereji, na kufikia mwisho wa mwezi una korongo la kuzika punda. Kwa hivyo mvua ikianza, njia zinafungwa. Na anayeamua ni siku gani ni Mwau peke yake. Anaenda kona ya tatu ya Nyoka, mahali kivuli hakiondoki, anachota udongo kiganjani, anaufinya, halafu anauachilia kutoka usawa wa kiuno. Ukitawanyika, watu waendeshe. Ukianguka mzima kama tonge la ugali, anatoa kamba yenye vitambaa vyekundu na kuifunga kati ya mikaratusi miwili. Mwau akifunga, imefungwa. Hata mwenye shamba anajua hivyo.

Kuna mteja wetu mmoja, Haron, daktari wa meno kutoka Kileleshwa, aliyewahi kuendesha Ulaya. Alituambia kule viwanja vya baiskeli viko kwenye milima ya theluji, na theluji ikikaribia kila kitu kinafungwa siku moja, kwa tarehe iliyoandikwa tangu mwaka uliopita.

"Na wenye kuchimba njia wanaenda wapi?" nikauliza.

"Wanabadilishiwa kazi tu. Wanaendesha vile viti vya kupandisha watu mlimani wakateleze."

"Sisi tope ndio theluji yetu," Mwau akasema. "Lakini hatuna viti."

Ni kweli. Njia zikifungwa, vibarua wanane wanaenda nyumbani mpaka Januari. Mwau pekee hubaki wiki mbili zaidi, akichimba mitaro ya kutoa maji kando ya njia. Hizo wiki mbili ndizo zinazommaliza. Kwao, mvua ya Novemba ndiyo ya kutegemewa. Mbegu zinatiwa ardhini kungali kukavu, halafu watu wanangoja. Kavindu, mkewe, amepanda peke yake miaka yote hiyo. Mwau hufika mahindi yakiwa yameshafika kwenye kifundo cha mguu. "Mimi ni mtu wa kupalilia tu," husema, na Mum hucheka, lakini yeye hacheki.

Mwezi wa tisa mwaka huu Kavindu alianguka akichota maji, akavunjika mkono wa kulia. Nilikuwa kibandani Mwau alipomwambia kwenye simu, kwa Kiswahili, ili sote tusikie na tuwe mashahidi: "Mwaka huu mvua itanipata huko. Nimesema."

Kwa hivyo Novemba ilipofika sote tulikuwa tunahesabu siku. Mitaro aliianza mapema, kidogo kidogo kila jioni. Mgongo wake ulikuwa mbaya. Alikuwa anaketi kwenye benchi kwa awamu: mkono kwanza, halafu kiuno, halafu yeye mwenyewe.

Mvua ya kwanza ilinyesha Kitisuru usiku wa kuamkia Ijumaa. Jumamosi kulikuwa na mashindano.

Meneja ni Njuguna. Aliletwa mwezi wa tatu, ana viatu visivyojua tope, na mashindano yalikuwa wazo lake: waendeshaji hamsini, mahema, mtu wa kutangaza kwa spika. Ijumaa asubuhi alimkuta Mwau kwenye kona ya tatu, vibarua wote wamemzunguka. Mimi nilikuwa nimepeleka chai.

Mwau alifinya, akaachilia. Tonge likaanguka, pu, likakaa.

"Imefungwa," akasema.

"Imefungwa aje, mzee?" Njuguna akaonyesha juu. "Si unaona jua?"

"Naona jua. Sijafinya jua."

Vibarua wakacheka, lakini si sana. Kufungwa Ijumaa kulimaanisha hawana kazi kuanzia siku hiyo. Kilonzo, ambaye ni Mkamba mwenzake na kijana wa kutosha kuwa mwanawe, akasema kile wengine walikuwa wanafikiria.

"Buda, wacha nikuulize. Ni udongo umekwambia ama ni Kavindu? Unafunga ndio uende shamba yako."

Nilimwangalia Mwau usoni kwa sababu hata mimi nilitaka kujua. Hakukasirika. Alionekana tu amechoka, kama mtu aliyeulizwa jina lake mara ya mia.

"Hata mimi nimejiuliza asubuhi yote," akasema. "Ndio maana sitaki muamini mkono wangu. Chukua, finya wewe."

Kilonzo akachota. Akafinya mpaka mishipa ikamtoka. Alipofungua kiganja, tonge lilikuwa limekaa na alama za vidole vyake vinne, zuri kabisa. Akaliangalia. Halafu, badala ya kuliachilia, akalisukuma kwa kidole gumba mpaka likapasuka.

"Imevunjika!" akasema.

Wote wakaangua kicheko, hata Mwau. Lakini Njuguna alichukulia kama jibu. Aliagiza lori la vumbi la mbao kutoka kwa maseremala wa Ngong Road, na kufikia jioni magunia arobaini yalikuwa yamemwagwa juu ya Nyoka. Vibarua walimwaga kwa furaha, kwa sababu walikuwa wamepata siku mbili zaidi. Njia ilipendeza, ya rangi ya biskuti, kavu ukiigusa juu.

"Mama Shiko," Mwau alimwambia Mum, "wamefunika uji kwa unga."

"Si uwaambie?"

"Nimewaambia. Nimefunga kamba, wamefungua. Unataka nilale hapo katikati?"

"Wewe mwembamba hivyo, watakuruka tu."

Jumamosi jua liliwaka kama la Januari. Waendeshaji kumi wa kwanza walishuka wakishangilia, na mmoja wao alipita kibandani akapaaza sauti, "Mzee, mvua iko wapi?" Mwau alikuwa anakula chapati. Aliendelea kula. Njuguna alikuja kuketi naye makusudi, akaagiza chai, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "Umeona sasa? Watu wazima wanakubali wakikosea."

Ilikuwa kama mtu wa ishirini hivi ndipo vumbi lilipoanza kunyonya maji ya chini. Haron alitokea bondeni akisukuma baiskeli kwa miguu. Magurudumu yalikuwa yamekwama, yamejaa kitu cha kahawia kama uji wa wimbi uliochacha.

"Mwau," akasema, "kona ya tatu haipo."

Hakuna aliyeumia. Nashukuru Mungu kwa hilo, na nafikiri Njuguna alishukuru zaidi. Lakini alikuwa ameshachukua tiketi za watu hamsini, kwa hivyo hamsini walipita. Saa tisa mvua ilirudi, nzito, na magari yote yakaondoka kwa mbio, baiskeli zikitiririsha tope kwenye vioo vya nyuma.

Mwau aliteremka kuona. Nilimfuata kwa sababu sikuwahi kuiona njia ikifa. Kona ya tatu, ukingo wote, ulikuwa umelala chini, na maji tayari yalikuwa yameijua njia ya baiskeli na yanapita hapo kwa haraka, yakibeba vumbi la mbao. Yale matuta yote ya chini yalikuwa yamekatwa katikati. Mwau aliinama kama anayetaka kuokota kitu. Mgongo ukakataa. Akabaki hivyo nusu, mikono magotini, mvua ikimpiga mgongoni.

Simu yake ikalia ndani ya mfuko wa plastiki. Aliweka sauti ya juu kwa sababu mikono yake ilikuwa na tope.

"Mwau!" Ilikuwa sauti ya Kavindu, na nyuma yake kelele za mabati. "Mwau, unasikia? Imeanza! Unasikia?"

"Nasikia."

"Uko wapi?"

Alisema, "Weka ndoo chini ya mabati. Usitumie huo mkono."

Tulipopanda, Njuguna alikuwa anatungojea chini ya paa la geti, au tuseme anamngojea Mwau, mimi hakuniona. Viatu vyake vilikuwa vimejua tope hatimaye. Hakuomba msamaha, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Mzee, hii tutaitengeneza. Wewe ndio unaijua. Tukianza Jumatatu, Krismasi tutakuwa tumemaliza."

"Jumatatu naenda nyumbani."

"Ukienda kabla haijatengenezwa, Januari usisumbuke kurudi. Sisemi kwa ubaya."

"Najua."

Ndivyo tu. Miaka kumi na nne, na ilichukua muda mfupi kuliko kununua mandazi. Nilitaka Mwau aseme kitu kikubwa, amwambie kuhusu ule udongo na ule uji na unga. Badala yake alienda akachukua kamba yake na kuanza kuifunga, kwa sababu njia ilikuwa bado wazi na kesho kuna watu wa kujaribu. Kilonzo akaja kushika mwisho mwingine. Hawakuangaliana.

"Mzee, mimi nitabaki," Kilonzo akasema. "Nitachimba hiyo mitaro."

"Utachimba vibaya."

"Nitachimba vibaya. Lakini nitachimba."

Mwau akakaza fundo lake. "Anzia juu. Maji usiyapinge, yaonyeshe tu mahali pa kwenda." Kisha akalivuta fundo la Kilonzo, akalifungua, akalifunga upya.

Jumatatu Mum alikuwa na safari ya Ngara kununua vikombe vya jumla, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo tukamsindikiza Mwau. Kutoka Ngara tulitembea mpaka mjini kwenye steji ya magari ya Mwingi, Mwau na mfuko mmoja, Mum akimwambia njia nzima kwamba asisahau kumtumia ndengu, na asitume zile zenye mawe kama za mwaka jana.

"Hayo mawe ni ya kuongeza uzito," Mwau akasema. "Nilijifunza kwenu."

Gari halikuwa limejaa. Mum akaenda kumtafutia maji ya kunywa. Mwau aliketi karibu na dirisha kwa zile awamu zake, mkono, kiuno, yeye. Juu ya Nairobi mawingu yalikuwa mazito, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa anayaangalia.

Niko kidato cha tatu sasa na najua kuna maswali mtu mkubwa haulizwi mara mbili. Lakini gari lilikuwa karibu kujaa.

"Anko, hujawahi kunijibu. Ulikuwa unaomba inyeshe ama isinyeshe?"

Nilidhani ataniambia chai inapoa, na hatukuwa na chai.

"Nilikuwa naomba inyeshe kule kwetu," akasema, "na huku ingoje kidogo, nimalize kazi. Kila mwaka, Shiko. Na Mungu akanisikia kila mwaka. Ndio maana mvua ya kwanza haijawahi kuninyeshea kwangu."