Tarehe Thelathini na Moja Juni

Kiwandani walimwita Nukta, na jina hilo hakupewa bure. Barua ya bosi ikimfikia bila nukta mwishoni, anairudisha. Dereva akijaza fomu akaandika "mifuko mia mbli", anaitwa ateremke garini, injini inanguruma, aje apachike i yake mahali pake. "Huyu mama akifa," dereva alisema, "atafufuka kwanza asahihishe maandishi ya kaburi, ndipo alale." Nukta alimtolea macho, lakini moyoni alipenda kusikia hivyo. Alikuwa karani wa kiwanda cha kusaga ngano kwa miaka kumi na tisa, na ndani ya kabati lake la chuma palikuwa na faili moja jembamba lililoandikwa MAKOSA. Kila karatasi aliyoikosea yeye mwenyewe aliizungushia wino mwekundu pale pa kosa, akaitia humo, ili asirudie. Miaka kumi na tisa, karatasi kumi na moja tu.

Alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja, aliyeoka mikate uani kwake. Tanuri lile alilijenga kwa mikono yake baada ya mume kumwachia watoto watatu na mlango uliovunjika bawaba. Mji ulikuwa na viwanda vitatu vya unga, na mdogo mtu alikuwa na mbinu yake: kila mwezi alivizunguka vyote. Hapa anasema, "Kule wamenipunguzia." Kule anasema, "Pale wamenibembeleza." Uongo mdogo mdogo wa biashara, usiomuua mtu. Mwisho wa mzunguko, kiwanda kimoja kinalegea ili kisimkose, naye anarudi na mifuko yake anaimba.

"Biashara ni mdomo, dada," alikuwa akisema. "Wewe endelea kuhesabu nukta."

Mara moja tu alimwomba dada yake msaada. Alitaka kujua bei ya kiwanda itapanda lini, anunue mapema. Nukta alikunja uso. "Siri ya kazi ni siri. Hata mama angefufuka leo, nisingemwambia." Mdogo wake alinuna wiki nzima, na Nukta alilala vizuri wiki nzima, kwa sababu alijua amefanya la haki. Likumbuke hilo, maana ndilo baadaye lililomchoma kuliko yote.

Sasa sikia upuuzi wenyewe. Kila mwezi bosi alimchapisha karatasi fulani, nakala mbili, zikatiwa kwenye bahasha mbili, na dereva akazipeleka kwa mabosi wa vile viwanda viwili vingine. Bosi aliziita salamu. "Nukta, salamu za wenzetu tayari?" Na ndani ya salamu hizo kulikuwa na nini? Bei mpya kabla haijatangazwa. Siku itakayoanza. Na orodha ya wateja, mmoja mmoja, na punguzo analopewa kila mmoja. Nukta aliwahi kuuliza, mwaka wa kwanza, akaambiwa ni mambo ya chama cha wenye viwanda vya unga. Akaridhika. Hapo na mimi namkasirikia, sifichi: mwanamke anayeona i iliyokosekana kwenye "mbli" alichapa jina la mdogo wake, mstari wa saba, mwezi baada ya mwezi, akihakikisha tu kwamba mkato umekaa vizuri. Alitazama nukta, hakutazama maneno.

Mwezi huo wa Juni alichapa salamu siku ya Jumatatu, dereva akaondoka nazo. Jumatano, akiandaa tangazo la kubandika getini, akasoma alichokiandika: Bei mpya itaanza tarehe 31 Juni. Uso ukamwaka. Juni ina thelathini! Mtoto wa darasa la pili anajua! Alizungushia wino mwekundu, akaandika 1 Julai kwenye tangazo, na ile karatasi ya salamu, nakala yake mwenyewe, akaitia kwenye faili. Ya kumi na mbili. Alifikiria kuwapigia simu wale mabosi wengine awaombe radhi, akaona aibu, akanyamaza. Ijumaa tangazo la kwao likabandikwa getini, safi kama sahani iliyooshwa.

Jumamosi mdogo wake aliingia bila hodi, akatupa mkoba kwenye kiti.

"Dada, nimevuliwa nguo leo. Nimekwenda kiwanda cha pili, nimesema maneno yangu ya siku zote, kwamba kwenu napewa punguzo la asilimia kumi na tano. Yule kijana wa mauzo akafungua droo, akatoa karatasi, akanisomea: 'Mama, acha kutudanganya. Kule unapewa kumi na mbili.' Kumi na mbili, dada! Mbele ya watu! Wakacheka. Nikaenda kiwanda cha tatu, hivyo hivyo, kumi na mbili, na bei ni ile ile mpya mpaka senti. Nani kawaambia? Mimi sijamwambia hata paka."

Nukta alimmiminia maji.

"Na wajinga wenyewe hata kalenda hawaijui," mdogo mtu akaendelea, akitoa simu yenye picha alizopiga. "Tazama getini kwao. Viwanda vyote viwili. Bei itaanza tarehe thelathini na moja Juni! Nani aliwahi kuiona siku hiyo?"

Akacheka kwa uchungu, akisubiri dada yake acheke naye. Nukta aliishika ile simu akaisoma mara tatu. Tarehe ile aliijua. Alikuwa ameizaa yeye.

"Ni mimi," alisema. "Yote mawili. Tarehe na jina lako. Nimewachapia mimi."

Mdogo wake aliipokonya simu yake. "Mimi ulininyima," alisema taratibu. "Uliniambia hata mama usingemwambia." Akachukua mkoba wake, akaenda zake, na mlango hakuufunga.

Jumatatu Nukta aliingia ofisini kwa bosi bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mzee, salamu zile zinafanya nini kwenye droo za watu wa mauzo?"

Bosi alikuwa anakata kucha. Hakushtuka. "Kaa, Nukta. Sisi watatu tukipigania wateja, nani anafaidi? Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Tumeamua panzi wasipigane, basi."

"Na kunguru ni nani? Mdogo wangu? Mwenye watoto watatu na tanuri moja?"

"Umebakiza miezi minane upate kiinua mgongo chako," bosi alisema, akipuliza vumbi la kucha mezani. "Usijichimbie kaburi. Funga mlango ukitoka."

Hasira ilimpanda Nukta mpaka masikio yakavuma. Miaka kumi na tisa ameibeba siri ya mtu huyu kama yai, amemnyima damu yake mwenyewe, kumbe siri inatembea na dereva ndani ya gari la kiwanda, inapelekwa kwa wale wale waliostahili kufichwa! Siri ilikuwa kwa wanunuzi tu. Kwa wapinzani ilikuwa salamu. Mchana huo alikwenda kwa mdogo wake, akasimama nje kwa sababu hakukaribishwa, akamwambia apeleke zile picha kwenye tume ya ushindani, wanaoshughulikia mambo hayo. Mdogo wake alipeleka. Hakusema asante, na hakuwa na deni la kusema.

Tume ilijivuta, kama ofisi zote. Julai ikapita, Agosti ikapita. Wateja wa mikate hawakukubali bei mpya, na mdogo mtu hakuwa na pa kuzungukia tena. Tanuri likapoa. Akawa anachuuza mikate iliyookwa na wengine, akipata faida ya kununulia chumvi. Wakaguzi walipoanza kuingia kiwanda cha pili, bosi wa Nukta alipata habari, akamwamuru dereva achome karatasi zote za salamu kwenye pipa nyuma ya ghala. Moshi uliingia dirishani kwa Nukta. Hakukohoa.

Siku wakaguzi walipofika kwao, walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa binti mdogo tu, aliyemwamkia Nukta shikamoo kabla ya kumsalimia bosi. Alitandaza picha mezani.

"Bei kufanana si kosa," alisema. "Ngano ikipanda, inapanda kwa wote. Sheria inachokataza ni washindani kupeana siri zao ili zifanane. Lakini tarehe hii isiyokuwepo, kwenye mageti mawili, imetoka wapi?"

Bosi alicheka kwa raha. "Hao wawili wameigana, binti yangu. Waulizeni wao. Tangazo letu hili hapa, tarehe moja Julai, sahihi kabisa. Sisi hatumo." Akamgeukia Nukta, akamwekea mkono begani. "Karani wangu huyu hajawahi kukosea, miaka kumi na tisa. Waambie, mama."

Hiyo ndiyo sifa aliyoipenda Nukta kuliko mshahara, na bosi aliijua. Aliutoa ule mkono begani kama anayetoa mdudu. Akaenda kwenye kabati, akarudi na faili jembamba, akalipiga juu ya meza mpaka vikombe vikaruka.

"Nimekosea," alisema. "Tarehe thelathini na moja Juni ni yangu. Niliichapa Jumatatu, nikaisahihisha Jumatano, na kati ya siku hizo haikutoka humu ila ndani ya bahasha mbili za mzee huyu. Hii hapa, na wino wangu."

"Nukta!" bosi alifoka. "Umechanganyikiwa?"

"Nyamaza, nasoma."

Alisoma kwa sauti, bei, tarehe, kisha orodha ya wateja, mmoja mmoja. Alipofika mstari wa saba aliuwekea kidole, akausoma mpaka mwisho, pamoja na punguzo. Mkaguzi alikuwa anaandika.

"Huyu ni nani, mama?"

"Mdogo wangu," Nukta alisema. "Tumbo moja. Aliniomba siri hii hii nikamnyima, halafu nikawachapia waliommaliza. Usiniandike shahidi tu, binti yangu. Andika na hilo."