Marudio ya Kipindi cha Mifugo

Alhamisi, 14 Novemba 2013. Usiku mvua ilinyesha mpaka ikachoka yenyewe. Asubuhi ukungu, na jua likatoka wakati wa chai.

Hapo kwenye "wakati wa chai" sina hakika sana, maana kuni zilikuwa mbichi na chai yenyewe ilichelewa. Tuseme jua lilitoka.

Nilikuwa na mwaka wa pili tangu niolewe, tukiishi na wakwe zangu upande wa Nyakitonto. Mume wangu alikuwa ameenda kulima Kagerankanda, kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu, na redio, na jogoo.

Jogoo alikuwa wa mama mkwe. Alimlea tangu kifaranga, mwewe alipombeba mama yake, akawa anamlaza ndani ya kitenge kifuani msimu ule wa baridi. Alimpenda kuliko… hapana, niandike kwa haki: alimpenda sana. Baba mkwe naye alikuwa na malalamiko, na yalikuwa ya kweli. Jogoo alikuwa mzee, aliwika saa anayotaka yeye, na kila baba akikaa kwenye kigoda chake alimdonoa miguu. Watu wengine hakuwadonoa. Mimi alinidonoa mara moja tu, na nilikuwa nimemkanyaga.

Baba alikuwa mtu wa redio ya taifa. Akisema "redio imesema", ubishi umekwisha. Redio ilisema tupande kwa mistari, tukapanda kwa mistari, hata pale kwenye mteremko ambapo mistari yenyewe ilishindwa.

Sasa asubuhi hiyo kilikuwepo kipindi cha mifugo. Msikilizaji mmoja alikuwa ameuliza kuhusu majogoo waliozeeka. Mtaalamu akajibu kwa sauti ya upole: "Ndugu msikilizaji, jogoo akishazeeka, ushauri wetu ni kwamba…" Betri zikaisha.

"Achinjwe," baba akamalizia.

"Nani kasema?" mama akauliza.

"Mtaalamu."

"Mtaalamu kasema 'kwamba'. Mimi nimesikia 'kwamba' tu. Mwanangu, wewe umesikia nini?"

Nikasema na mimi nimesikia "kwamba". Baba aliniangalia kama nimemnyima kitu.

"Haya," akasema. "Marudio ni leo jioni. Tutasikia wote. Akisema achinjwe, anachinjwa leo leo."

"Na akisema aachwe?"

"Ataachwa mpaka afe mwenyewe, na nitamzika mimi."

Mama akasema, "Ego," ambayo kwa Kiha ni ndiyo, na yakawa makubaliano.

Betri mpya hazikuwepo. Mwenye duka alikuwa ameenda Kasulu kufuata bidhaa, na kwa tope lile hakuna aliyejua atarudi lini. Baba akazitoa zile za zamani, akaziminya kidogo kwa meno, akazipanga juani juu ya kipande cha bati. Watu wote huku tunafanya hivyo. Betri ikipata joto inakumbuka kazi yake, ila haikumbuki kwa muda mrefu.

Mchana nilikuwa nachambua maharage, nikamsikia mama anasema, "Mzee, zirudishe. Nataka kusikiliza salamu."

Baba alishangaa. Miaka yote mama alisema redio ni kelele za watu wasio na shamba. Lakini kwa mtu wa redio, mtu mwingine akitaka kusikiliza ni heshima kubwa. Akazirudisha mbio. Salamu zikasomwa, watu wa Tabora wakiwasalimia watu wa Singida, na mama akawa anaitikia kila moja kama inamhusu.

Baada ya salamu akaja daktari wa meno. Mama, ambaye meno yake tungeyahesabu kwa mkono mmoja, alitaka kumsikia mpaka mwisho.

Halafu Bunge. Waziri mmoja aliulizwa kuhusu maji ya wilaya nisiyoijua, akajibu kwa muda mrefu sana.

"Huyu," mama akasema, "anajibu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Akaanza kumweleza mama kanuni, nani anaruhusiwa kusimama, kwa nini wanapiga meza. Mama akauliza maswali, na maswali yenyewe yalikuwa mazuri. Sikuwahi kuwaona wamekaa hivyo. Baba alitaka kupunguza sauti ili betri zidumu, mama akamzuia.

"Acha hivyo hivyo, mzee. Masikio yangu yamechoka."

Masikio hayo yalikuwa yanamsikia kuku akitaga kwa jirani.

Ukafuata mchezo wa redio, wa mama mkwe aliyemsingizia mkwewe kuiba mbuzi. Wakanigeukia wote wawili waone nitafanya uso gani. Sikufanya uso wowote. Kisha kikaja kipindi cha watoto, na mama akaanza kuimba nao wimbo wa kunawa mikono. Hapo ndipo nilipoinua macho vizuri. Mdomo ulikuwa unaimba, lakini macho yalikuwa kwenye kile kitaa chekundu cha redio, kinavyofifia.

Nikaelewa. Alikuwa anazimaliza betri kabla ya jioni.

Nilijiuliza kama nimwambie baba. Haki ilitaka nimwambie. Lakini kusikiliza redio si kosa, na mawazo yake sikuwa na ushahidi nayo, labda aliupenda kweli ule wimbo. Nikaendelea na maharage.

Baba naye nadhani hakuwa mjinga. Kipindi cha watoto kilipoisha alizima, akasema, "Leo umeipenda sana redio, mama."

"Nilichelewa kuijua," mama akajibu.

Mawingu yalikuwa yameshafunga, kwa hiyo baba akazipanga betri kando ya mafiga jikoni kwangu.

"Usizipike," mama akamwambia.

"Nazikausha."

"Zikilipuka utakula nini?"

"Jogoo," baba akasema.

Jioni ilipofika tulikaa jikoni. Mama alikuwa kwenye mkeka, jogoo kampakata ndani ya kitenge, kichwa tu kinaonekana. Muziki wa kipindi cha mifugo ukaanza, sauti imekuwa nyembamba kama ya nzi ndani ya chupa. Baba akalaza sikio juu ya redio. Mama alimshika jogoo kwa mikono miwili na hakusema tena mzaha wowote. Nikajuta kwamba mchana nilikuwa nacheka moyoni.

Sauti ikapotea. Baba hakuondoa sikio. Akainua mkono tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. Akakaa hivyo muda mrefu, akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa jambo. Mwisho akainuka.

"Amesema aachwe," akasema. "Jogoo mzee anawafundisha vijana."

"Anawafundisha nini?" nikauliza, na hilo swali nililijutia lilipotoka tu.

"Hakufika huko. Muda wa kipindi ulikwisha."

Niandike kwa haki. Mimi nilikaa upande wa mbele wa redio, na kile kitaa nilikiona kimezimika kabla baba hajaanza kuitikia kwa kichwa. Lakini jikoni kulikuwa na moshi, na inawezekana redio huendelea kusema kidogo baada ya taa kuzima. Mtu aliyesoma zaidi yangu atajua.

Mama hakushukuru. Alimweka jogoo chini, akamgeukia baba.

"Yule waziri wa maji," akasema, "kesho atakuwepo?"

"Wanaanza asubuhi."

"Basi ukipata betri, usinunue zile za bei rahisi."

Usiku tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Baba alikula taratibu, miguu kaikunjia chini ya kigoda, akimwangalia jogoo anavyookota makombo.