Rangi Iliyokimbia Mikwaruzo

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, 1994, saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa naijua kwa sababu niliikodolea macho ile ya ukutani ili nisimwone Vene akilia.

Vene anatusaidia kazi hapa nyumbani, Nyegezi. Kwao ni Nansio, kisiwani. Baba alikuwa amemwambia afungashe, Jumapili apande meli arudi kwao, kwa sababu amekwaruza paa la gari.

Gari lenyewe ni la Kijapani, limeshatumika huko, kama mengi yanayoingia siku hizi. Paa lake la nyuma ni jeupe, la faiba, na linavuliwa: ukifungua bolti unalinyanyua zima kama mfuniko wa sufuria. Baba alilivua ili apakie mbao, akaliweka uani juu ya matairi manne.

"Nani anaanika dagaa hapa kama si wewe?" baba alimuuliza. "Umesugua gari kwa mchanga kama sufuria!"

"Baba, haki ya Mungu si mimi."

"Basi ni jini la ziwani."

Si jini. Ni mimi. Naandika hapa kwanza kwa sababu kwa mdomo nasema kwa shida, hata darasani nikiitwa sauti inapotea. Alhamisi Vene alikuwa sokoni. Niliona lile paa linavyowaka jua, nikamwaga dagaa juu yake wakauke upesi. Walikauka kweli, ila wakaacha magamba na harufu. Nikachota mchanga nikasugua, kama tunavyosugua vyombo ufukweni.

Babu Masanja, mjomba wake mama, ndiye aliyeitwa alasiri hiyohiyo kuiziba ile mikwaruzo. Amefanya kazi ya rangi tangu ujana wake. Nilitumwa nikamshikie kopo. Alipiga msasa, akafuta, akapaka kwa brashi. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia chini ya paa, nalo likawa linaguna, sauti nene kama ya mtu anayeitikia akiwa usingizini.

Kisha rangi ikaanza kusogea. Sitanii. Ilijivuta polepole kushoto na kulia, ikaacha mistari wazi, ileile. Babu akaifuta, akapaka tena. Ikakimbia tena.

"Babu, inaogopa nini?"

Alinusa kidole chake, akanitazama, akakaa juu ya debe.

"Mwanangu," akasema, "iko siku moja ambayo sijaimaliza mpaka leo. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza najifunza rangi kwenye gereji moja ya mjini. Likaletwa paa kama hili, la bwana mmoja mkubwa. Gari halikuletwa, paa tu. Hilo peke yake lingetosha niulize. Sikuuliza. Ukingoni, huku nyuma, kulikuwa na mistari minne, imekaa hivi." Akakunja vidole kama mtu anayening'inia. "Nikapaka. Asubuhi nikakuta mistari minne. Nikapaka. Asubuhi, minne. Mara ya tatu ikakubali, bwana akalichukua paa lake.

"Kesho yake akaja mama mmoja kutoka Sengerema, vumbi mpaka magotini, anapita gereji zote. Mumewe kakutwa amekufa barabarani, na ndani ya kucha zake mna rangi nyeupe. 'Mwanangu, hujaona gari lenye alama?' Nami rangi ileile ninayo hapa mikononi. Nikamwamkia shikamoo, halafu nikamwambia sijaona kitu. Unajua alifanya nini? Alinishukuru. Akaniambia nibaki na Mungu."

Babu alifuta brashi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Labda yalikuwa mafuta tu ya mkono wa mtu. Rangi haishiki penye mafuta. Nimejiambia hivyo miaka thelathini. Lakini kila paa jeupe ninaloletewa, kabla sijaona kingine chochote, naiona ile minne."

Upepo ulikuwa umekata. Paa liliendelea kuguna.

"Sikuambii usikosee, mwanangu, mimi nimekosea mengi na usingizi bado naupata. Nakuambia hivi: mtu akikuuliza jambo unalolijua, na ukinyamaza mwingine ataumia, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Ukingoja, yule anayekuuliza ataondoka, na hutakuwa na pa kumfuata. Mungu akupe kinywa chepesi kuliko changu." Akaniwekea mkono kichwani, unanuka tina ya kuchanganyia rangi. Akainuka. "Nitarudi kesho baada ya misa. Niwekee sabuni na maji ya moto. Mafuta ya dagaa hayatoki kwa msasa."

Hakuniuliza kitu. Usiku sikumwambia mtu.

Asubuhi nilipita uani kwanza. Mistari ilikuwa wazi, yote. Niliweka vidole vyangu juu yake, vikakaa sawasawa pale vilipopita Alhamisi. Vene alikuwa mlangoni na furushi lake, amevaa gauni la kusafiria. Baba alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Dagaa niliwaanika mimi. Na mchanga ni mimi. Vene hajui lolote."

Kikombe kilibaki hewani. Sikungoja marahaba. Nilienda mlangoni, nikapiga magoti, nikaanza kufungua fundo la furushi la Vene. Lilikuwa limekazwa sana. Nikatumia meno.