Ukiulizwa Habari za Brayo

Siku ile bado naikumbuka vizuri, Kiprop mjukuu wangu, siku baba mkwe wangu aliponinyamazisha mbele ya majirani wote, mimi nikiwa nimeolewa juzi tu. Imenirudia jioni hii ulipokuwa ukila ugali wangu huku ukitangaza, mdomo umejaa, kwamba kesho afisa wa probesheni anakuja stejini kuuliza habari za Brayo aliyeshikwa kwa wizi, na wewe kama mwenyekiti wa boda boda utamwambia neno moja tu.

"Afungwe, Kogo," uliniambia mimi bibi yako. "Hawa wezi dawa yao ni jela. Hata gava, serikali yenyewe, imesema hakuna huruma."

Nilikuongezea mboga, kwa sababu ukiwa na njaa husikii la mtu, tangu utoto wako. Sasa umeshiba, kwa hivyo kaa hapo.

Nilikuwa sijamaliza hata mwaka hapa Kapseret. Mama yangu alikuwa amenipa cherehani, nami nilikuwa nikishona sare za shule na kujiona mtu. Vijana wawili wakavunja dirisha, wakaibeba, wakaiuza mjini. Mmoja aliitwa Kimaiyo, mtoto wa jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Mwingine aliitwa Karanja, rafiki yake, aliyekuwa akiishi na mama yake katika chumba cha kukodi kule mtaa wa Huruma. Walishikwa, wakakubali makosa, lakini cherehani ilikuwa imepotea kabisa. Nililia mpaka baba mkwe akanihurumia, na yeye hakuwa mtu wa kuhurumia machozi ovyo.

Kabla ya kutoa hukumu, hakimu alimtuma afisa wa probesheni aje kuuliza nyumbani, kama huyo wako wa kesho. Alikuwa msichana mdogo, viatu vimejaa matope ya njia yetu. Tukampa chai, majirani wakajaa uani, naye akauliza, "Huyu Kimaiyo ni mtu wa aina gani?"

Basi tukapata uwanja! Huyo ni mwizi. Huyo ni mvivu. Mmoja akasema akatwe mkono. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote: "Afungwe mpaka cherehani yangu irudi!" Watu wakacheka.

Baba mkwe hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaniambia polepole, "Chepkoech, huyu msichana ameuliza Kimaiyo ni mtu wa aina gani. Wewe umemwambia kitu alifanya siku moja. Hizo siku zingine alikuwa wapi?"

Nilinuna, mwanangu. Kuibiwa niibiwe mimi, na kukemewa nikemewe mimi! Lakini alikuwa ananingoja, na yule mzee alijua kungoja. Nikasema, macho ukutani, kwamba nilipoungua mkono kwa maziwa ya moto, Kimaiyo ndiye aliyekuja kunikamulia ng'ombe asubuhi na jioni mpaka nikapona, bila kuitwa na mtu. Na ng'ombe wenyewe, wasio na shukrani, walimpenda kuliko mimi. Wakisikia mluzi wake tu wanatulia. Jirani mwingine akakumbuka lake. Hata yule wa kukata mkono akakumbuka lake, akalisema akijikuna shingo.

Baba mkwe hakutuambia tusamehe. Mimi mwenyewe sikuwa nimesamehe. Alitaka tu yote yasemwe, mabaya na mazuri, ili hakimu aamue akijua anamhukumu nani. Kimaiyo akapewa kifungo cha nje. Alichimba mitaro ya zahanati huku kila aliyepita akimwona, na usifikiri haikumuuma.

Najua ungependa niishie hapo uende zako. Lakini kulikuwa na Karanja.

Yule msichana alikwenda Huruma pia. Mama yake Karanja alikuwa amehama, wapangaji wa ploti ile walikuwa wageni, na mwenye nyumba alisema hamjui. Hakuna aliyemsema vibaya. Hakuna aliyemsema kabisa. Akafungwa miaka mitatu. Dirisha ni lile lile, cherehani ni ile ile, na walikuwa wameibeba pamoja, mmoja huku na mwingine huku.

Habari ilipotufikia, baba mkwe akasema, "Na sisi tulikuwa tunamjua."

Ni kweli, tulimjua. Alikuwa akija na Kimaiyo kutuvunia mahindi. Alikula kwangu. Nilijua hapendi mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na nilikuwa nikimtania kwa hilo. Lakini afisa alituuliza habari za Kimaiyo peke yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, ngoja dada, yule mwingine pia ana siku zake. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko cherehani.

Alipotoka nilikutana naye sokoni, amekonda, meno ya mbele hayapo. Alinisalimu kwa heshima. "Mama, ile mashine ilipatikana?" Nikamwambia haikupatikana. Akasema pole, akaenda zake. Sikumwona tena.

Siku hizi kila anayeshika kipaza sauti anaahidi jela ndefu kuliko mwenzake, na nyinyi mnapiga makofi. Sikulaumu kwa hasira yako. Nimeibiwa, naijua hasira hiyo vizuri. Lakini ukipita kortini siku moja, simama uangalie ni nani anayepandishwa kwenye lori la magereza. Mwenye wakili amesharudi kwake kunywa chai. Mwenye ukoo amesemewa. Anayebaki ni yule ambaye hakuna aliyejisumbua kumkumbuka, halafu tunaita hiyo ukali wa sheria. Mimi naona ni uvivu wetu tu.

Sasa huyo Brayo wako. Anaosha pikipiki hapo stejini, amepanga Huruma, watu wake hawajulikani. Aliiba pikipiki ya Koech mwenzenu, na Koech amekosa kazi. Ukisema kesho kwamba ni jambo dogo utakuwa mwongo, nami sikukulea uwe mwongo. Lakini ulipougua taifodi, ukawa umelala hapo ukiweweseka, ni nani aliyeleta pikipiki yako kutoka mjini? Wewe hukuona, mimi niliona. Alikuwa ameiosha. Akaiegesha kivulini, akaniwekea ufunguo mkononi, akanywa chai yangu akiwa amesimama kwa sababu nguo zake zilikuwa na maji na hakutaka kulowesha kiti.

Kwa hivyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Sema aliiba ya Koech, halafu sema alikuletea yako. Usiongeze wala usipunguze. Na afisa asipouliza hilo la pili, mwambie vivyo hivyo, usirudie kosa letu la kungoja kuulizwa. Uamuzi mwachie hakimu. Wewe kazi yako ni kumkumbuka mtu mzima mzima.

Nenda ukalale. Mungu akupe ulimi mkweli, akulinde barabarani na hizo mbio zako zinazonipandisha presha. Na siku watu watakapokuja kuuliza habari zako, mjukuu wangu, asikosekane mmoja wa kuzisema zote.