Anayeonja Unga Mgeni

Mama mtunza ghala wa kambi yetu ana sauti ya kukwaruza, na kijiko hakimtoki mfukoni. Magunia ya msaada hutoka ng'ambo, kila moja na maandishi yake tusiyoweza kuyasoma, na watu huyaogopa. Basi kila ukija unga mgeni, yeye hukoroga uji, huunywa mbele yetu, kisha hukaa kusubiri. "Nikianguka, msile," hututania.

Tangu mafuriko yamchukue mke wangu, mjukuu wetu alikuwa hagusi chakula. Leo, wakati wa kuonja, alikikodolea macho kile kijiko. "Bibi naye alikuwa anaonja kwanza," akasema, akafungua mdomo. Akanywa mpaka akakwangua sufuria.

"Mzee, mjukuu wako kaninyima hata ukoko!" mama yule akafoka, na mkono wake tayari unakoroga uji mwingine. Nikashusha pumzi.