Batri Iliyolazwa Ziwani

Mji mzima wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, walisema sitaweza. Walisema mtu aliyetoka ukimbizini Tanzania na karatasi mfukoni hajui mbao wala chuma. Mama jirani yangu, akichambua maharage mbele ya nyumba yake, aliwaambia wenzake kwa sauti ili nami nisikie: "Huyu mwalimu, diploma ndiyo itamupigia ngoma? Kichwa iko nayo, lakini ile mikono ni ya kushika kalamu tu." Nilimsalimu vizuri, kisha nikamwomba anikopeshe ngozi ya mbuzi aliyokuwa ameikalia. Alicheka mpaka akamwaga maharage, lakini aliinuka akanipa.

Kitu chenyewe kilikuwa batri, yaani seti ya ngoma za orkestra: ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ndogo tatu, na sahani mbili za shaba. Wanamuziki waliokimbia vita vya kwanza vya Kongo waliiacha kwa mzee mmoja mwenye mitumbwi, naye akaitupa katika ghala lake la samaki wakavu. Niliporudi, katikati ya vita vya pili, niliikuta humo. Ganda lake jekundu lilikuwa linabanduka, vyuma vimeshika kutu, panya wametoboa ngozi zake za plastiki, na yote ilinuka ndagala.

Yule mzee alikuwa anaozesha binti yake baada ya mavuno ya mpunga. Nilimwambia nitaifufua.

"Ukiisemesha siku ya arusi, ni yako," alisema. "Na ukishindwa?"

"Sitashindwa, papa."

"Bote banasemaka vile. Weka hapa kitu yenye itakuuma."

Nikamwekea diploma yangu. Niliipata kwa kusoma chini ya turubai, bila mjomba wala padri wa kunilipia, na katika barabara yetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Shule moja ya Nundu ilikuwa imeniahidi darasa, lakini mkuu wake alitaka kuiona kwa macho yake mwanzo wa mwaka. Bila diploma, ningerudi kulima muhogo kama wale walionicheka. Mzee aliifunga katika plastiki, akaitia katika sanduku chini ya kitanda chake.

Wakati ule mashua za kutoka Kigoma zilipita mara chache, na dukani hapakuwa na kitu cha maana. Niliazima. Fundi wa baiskeli alinipa spana na mipira ya ndani ya magurudumu. Fundi wa mitumbwi alinipa gundi na kopo la vanishi, akaniruhusu kufanya kazi pembeni ya karakana yake, kwenye mchanga wa ufukwe. Kutu niliitoa kwa majivu, limau na mchanga wa ziwa. Ganda jekundu nililibandua lote, kisha nikakwangua mbao kwa kipande cha chupa mpaka ikawa laini kama shavu.

Ngoma kubwa ilikuwa imeachama kwenye maungio. Fundi wa mitumbwi aliitazama, akasema neno ambalo kila mtu wa ufukweni angelisema: mbao ikikauka na kuachama, inyweshe. Mtumbwi unaovuja huzamishwa kwa mawe, mbao inavimba, nyufa zinajifunga. Mimi pia nilizaliwa ufukweni, sikuona ubaya. Tuliilaza ngoma ziwani, tukaiwekea mawe, tukaenda kulala.

Asubuhi ilikuwa imefunguka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Kumbe haikuwa ubao mmoja uliopindwa. Ilikuwa mbao nyembamba zilizogandishwa, na maji yalikuwa yameila gundi.

Fundi alivuta tabaka moja, likatoka mkononi. "Mwalimu, hii si mbao. Ni makaratasi," alisema. "Kumbe ni ndugu ya diploma yako."

Watu wa ufukweni walicheka siku nzima, na habari ikafika kwa yule mzee. Alinitumia ujumbe kwamba sanduku lake halina haraka ya kufunguliwa.

Mtu mwingine angeiacha pale. Mimi niliyakausha yale matabaka kivulini, nikayapanga upya, nikapaka gundi moja baada ya jingine, kisha nikaikaza ngoma nzima kwa mipira ya baiskeli, nikiizungushia kama bandeji. Nilipoifungua ilikuwa duara, na ngumu kuliko ilivyotoka kiwandani. Nasema hivyo kwa sababu niliigonga mwenyewe. Nikaipaka vanishi ya mitumbwi, nikaiwambia ile ngozi ya mbuzi.

Moja ya zile ndogo tatu, ile yenye nyuzi za kutetema chini yake, niliitilia waya za kebo ya breki. Nilipoijaribu mara ya kwanza ililia kama bunduki, kavu kabisa. Nilipoinua macho, jirani yangu alikuwa ameshapita na sufuria kichwani akielekea milimani, na nusu ya mtaa nyuma yake na magodoro. Tangu siku ile, kabla ya kujaribu, nilimwomba mlinzi wa kanisa agonge kwanza ile rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu, watu wajue ni mimi.

Siku ya arusi nilipiga mwenyewe. Nilikuwa mpigaji wa kwaya kule kambini. Askari walioshika mji walikuja kuuliza kelele ni ya nini, wakabaki wakala wali. Mzee alicheza mpaka kofia ikaanguka. Kulipokucha alinirudishia diploma, bado imefungwa katika plastiki yake, na batri ikawa yangu.

Sikwenda Nundu kwanza. Nilizunguka na diploma kwapani, nikirudisha vya watu. Spana na mipira kwa fundi wa baiskeli. Gundi mpya na kopo zima la vanishi kwa fundi wa mitumbwi, vilivyoletwa na mashua iliyotia nanga Kazimia. Mwisho nikafika kwa jirani na ngozi mpya. Aliinusa.

"Hii ni ya beberu, inanuka. Mi nilikupa ya mbuzi muke."

Nilirudi sokoni, nikatafuta ya mbuzi jike, nikamletea. Aliinusa tena, akaitandika chini, akaikalia, akanisogezea bakuli ya sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Jioni ile hapakuwa na mtu Baraka aliyeweza kusema nina kitu chake.