Ushuhuda wa Bajaji ya Umeme

Tangu serikali ipunguze ushuru wa vyombo vya usafiri vya umeme nami nikanunua bajaji yangu, Kahororo nzima imechoka kunisikia. Madereva wenzangu wakipanga foleni ya petroli, mimi nawapita nikiwapigia honi makusudi.

Jumapili iliyopita niliomba kutoa ushuhuda kanisani. Chaji ilikuwa imebaki kidogo, kwa hiyo kabla ya ibada nilipitisha waya dirishani, nikaichomeka bajaji kwenye soketi iliyo nyuma ya viti vya kwaya. Zamu yangu ilipofika, nikaenda mbele kifua mbele.

"Bwana asifiwe! Serikali imenipunguzia ushuru, na Mungu amenitoa kwenye utumwa wa petroli. Tangu siku hiyo sijaishiwa hata mara moja!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Nikapandisha sauti, na maikrofoni ikakata. Kinanda kikanyamaza, taa zikazimika.

"Luku imekwisha," akasema mzee wa kanisa kwa mshangao. "Na jana niliweka umeme wa kutosha ibada nzima!"

Akauona waya. Akaufuata taratibu hadi dirishani, kanisa zima likimtazama, akachungulia nje.

"Waitu, ndugu yetu," akaniita kwa upole, "endelea tu na ushuhuda. Bajaji yako imejaa."